Ngozi Ile Ile, Jua Si Lile

Wengi wetu tuna mtoto au ndugu akaaye Ubelgiji. Akizaa huko, mganga humwandikia mtoto wake matone ya vitamini D, ayanywe kila siku. Bibi aliye huku husikia akashangaa: «Mbona sisi tulilea watoto wengi bila matone?» Bibi asema kweli, lakini jua alilolelea watoto wake si jua la Brussels.

Vitamini D haipatikani kwa wingi katika chakula. Mwili hujitengenezea katika ngozi ipigwayo na jua. Ikikosekana, chokaa ya chakula haiingii vema mwilini, mifupa ya mtoto hubaki laini, na miguu hupinda aanzapo kusimama. Ndiyo matege.

Weusi wa ngozi ni kama mwavuli. Chini ya jua kali la kwetu hutulinda, na nuru ipenyayo yatosha. Lakini Ubelgiji, toka Oktoba hata Machi, jua hupita chini sana, watu hujifunika nguo nzito, na kioo cha dirisha huzuia mionzi itakiwayo. Mtu mweusi huhitaji kukaa juani muda mrefu kuliko mweupe, na jua lenyewe ni haba.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mjini New York, mganga Alfred Hess aliona matege mengi mno kwa watoto weusi wa mtaa mmoja. Akawapa mafuta ya ini la samaki, yenye vitamini hiyo tele, na mwaka 1917 akatangaza kwamba wengi wa walioyanywa walikingika. Ngozi yao haikuwa na kosa; ilikuwa mbali na jua lake.

Basi, bibi, usimshauri binti yako ayatupe matone. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo, na mtoto mchanga huhitaji mikrogramu 10 kwa siku. Wala asizidishe kipimo cha mganga, kwani kuzidisha nako kwadhuru.

Nasi tulio huku tusijisifu. Mtoto afichwaye nyumbani mchana kutwa, amezongwa nguo, aweza kupata matege hata penye jua tele. Tena chakula kisicho na chokaa huleta matege yale yale. Mtoeni mtoto nje kila siku. Aliyekwisha anza kula, mtilieni dagaa waliosagwa katika uji wake. Na miguu ikizidi kupinda, msingoje: mpelekeni hospitalini mifupa ingali michanga.