Mpimeni Mtoto kwa Anavyoishi
Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Tangu 1984 nchi yetu ina vituo vya EARC, ambako mtoto hutathminiwa ili ijulikane anahitaji msaada gani shuleni. Mzazi wa mtoto asiyeona au asiyesikia ana mahali pa kuanzia. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto ambaye macho na masikio yake ni mazima, ila hofu au huzuni imemlemea hata masomo yamemshinda.

Watoto hao tunao darasani. Mmoja alikuwa hodari wa kunyoosha mkono, sasa analala dawatini. Mwingine huumwa na tumbo kila asubuhi ya shule, na zahanati haioni ugonjwa. Wa tatu hupigana kila mapumziko. Ameitwa mtukutu, amechapwa, amefukuzwa akamlete mzazi. Wengine husemwa wana mapepo. Na hata wakifikishwa kwenye tathmini, mtoto aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa atamwambia afisa asiyemjua kwamba hajambo.

Ombi langu ni kwamba tathmini iulize mtoto anaishije. Analala usiku? Anakula? Ana rafiki wa kucheza naye? Akikasirika, hutulia baada ya muda gani? Mwaka 2016 UNICEF na Washington Group, kikundi cha takwimu za ulemavu, walitoa maswali kuhusu watoto wa miaka 2 hadi 17, na kwa wale wa miaka 5 na zaidi yanagusa pia wasiwasi, huzuni na kupata marafiki. Yalitungwa kwa ajili ya tafiti za watu wengi, kwa hiyo hayatoshi kuamua haki ya mtoto mmoja. Yawe hatua ya kwanza. Kisha asikilizwe mlezi, mwalimu wa darasa, na mtoto mwenyewe kwa lugha ya nyumbani kwao. Kutunga vipimo vyetu wenyewe tunaweza: watafiti wa Kilifi walikwisha kutengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35.

Alama za mtihani zisitumiwe kumnyima mtoto huduma. Wapo wanaojikaza mchana kutwa shuleni, wakifika nyumbani hawasemi na mtu hadi kesho. Tena hali ya akili hubadilika. Aliyepimwa mwaka jana apimwe upya, na jina alilopewa siku ile lisimfuate hadi sekondari.

Mwisho, Mheshimiwa, tathmini isiyofuatwa na huduma humwachia mzazi hasara ya nauli na karatasi mkononi. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili. Keti na mwenzako wa Afya na magavana, mkubaliane kwamba kila mtoto anayetoka kituoni anatoka na jina la mshauri atakayemwona, mahali na tarehe.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Nakuomba utoe mwongozo wa tathmini ya aina hii kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa ushauri nasaha, Kaunti ya Kilifi