USIMZOMEE MLINZI, MUULIZE ALIYEMWEKA MLANGONI!

Ndugu msomaji, wewe kijana wa mjini unayekesha mbele ya televisheni hadi saa nane na nusu usiku ukingoja fainali ya Wamarekani, leo nina neno na wewe. Najua utaniuliza, gazeti la chama na mpira wa kuvaa helmeti wapi na wapi? Tulia. Tutafika.

Tuanze na jina unalolijua. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs. Mwaka 2020 alisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 450. Sasa nitajie mtu aliyekuwa akimlinda upande wa kushoto msimu wa 2024. Kimya! Basi hapo ndipo penye maneno.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kutafuta wa kumrushia. Mbele yake wanasimama majitu matano, wengi wao wana kilo zinazokaribia au kuzidi 140. Hawa hawafungi, hawarushi, hawaimbwi. Kazi yao ni moja tu: adui asimfikie nyota. Anayerusha kwa mkono wa kulia hugeuza mwili, na kisogo chake hubaki kikitazama kushoto. Kwa hiyo mlinzi wa mwisho wa kushoto ndiye macho ya kisogoni. Novemba 18, 1985, Joe Theismann wa Washington alivunjwa mguu na Lawrence Taylor mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama televisheni, na hakucheza tena maishani. Hayo ndiyo malipo ya mlango ulio wazi.

Sasa sikiliza. Msimu wa 2024 Chiefs waliingia uwanjani wakiwa wametwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Mlango wa kushoto wakamkabidhi Kingsley Suamataia, kijana wa miaka 21 aliyetoka chuo cha BYU mwaka huo huo. Mashabiki wakaanza kunong'ona: huyu mtoto ataweza? Mchezo wa pili, dhidi ya Cincinnati, Trey Hendrickson akampita mara kwa mara, mpaka kocha akamtoa kabla mchezo haujaisha. Kansas City walishinda 26 kwa 25, lakini kijana alikwisha kupachikwa jina. Eti mzigo! Eti atamuua Mahomes!

Ndugu yangu, mimi nakataa. Wasiwasi wa mashabiki ulikuwa wa haki kabisa. Kidole ndicho kilichoelekezwa pasipo.

Hebu tujiulize. Kijana alijiweka mwenyewe pale? Nyuma yake alikuwa nani? Alikuwa Wanya Morris, kijana mwingine aliyekuwa katika msimu wake wa pili tu. Mzee wa kazi, D.J. Humphries, aliletwa Novemba, msimu umekwisha kupita nusu, naye akaumia mapema. Mwisho wakamtoa Joe Thuney ndani, mahali alipobobea, wakampeleka ukingoni kuziba pengo. Huko ndiko kukata kiraka cha suruali kutoka kwenye shati!

Na wakubwa hawawezi kusema hawakujua. Februari 7, 2021 walicheza fainali na Tampa Bay bila walinzi wao wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz. Mahomes alikimbizwa usiku kucha kama kibaka wa sokoni, wakalala 31 kwa 9. Walipata somo. Mwaka huo huo wakajenga ukuta upya, na Februari 2023 wakakutana na Philadelphia, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 msimu huo. Mahomes aliangushwa mara ngapi? Hata moja! Wakashinda 38 kwa 35.

Basi mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msimu wa 2024 walishinda michezo 15 kati ya 17, na kila ushindi ukawa pazia la kufunika ufa. Februari 9, 2025, New Orleans, Philadelphia wale wale wakalipasua pazia. Hawakuongeza hata mtu mmoja wa kushambulia. Wanne wao wa kawaida walitosha. Mahomes aliangushwa mara 6. Mapumziko ilikuwa 24 kwa sifuri, mwisho 40 kwa 22. Na yule kijana waliyemtupia lawama tangu Septemba? Siye aliyekuwa akishika mlango wa kushoto usiku ule!

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba asiyejulikana asipewe nafasi. Trey Smith alichukuliwa raundi ya sita mwaka 2021, wengi wakimkwepa kwa sababu aliwahi kupata damu iliyoganda mapafuni. Leo ni mlinzi mwenye mkataba wa dola milioni 94 aliousaini mwaka 2025. Lakini yeye alianzia ndani, mahali ambapo una mwenzako kulia na kushoto. Ukingoni uko peke yako. Na Suamataia mwenyewe, msimu wa 2025 alipohamishiwa ndani, alishika nafasi ya Thuney aliyekuwa amepelekwa Chicago. Kijana ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa.

Sasa tumefika nyumbani, ndugu msomaji.

Sisi wanamageuzi tuna nyota wetu. Akipanda jukwaani viwanja vinafurika, tunamsukumia gari, tunaimba mpaka sauti zinakauka. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini siku ya kura, nani analinda sanduku? Ni kijana aliyeokotwa kijiweni jana jioni. Hajaoneshwa fomu ya matokeo hata mara moja. Hana nauli, hajanywa hata chai, na hana wa kumpokea zamu. Anakaa hapo tangu alfajiri, mbele ya watu waliokula, waliofundishwa na wanaomjua kwa jina. Ikifika usiku akisaini asichokielewa, tunamwita msaliti. Tunasema amehongwa!

Labda wengine wamehongwa kweli. Lakini wangapi wametupwa tu mlangoni, kama yule mtoto wa Kansas City? Viongozi wetu, msikasirike. Fedha za bendera na spika kubwa hupatikana kila mara. Za kumfundisha wakala na kumlisha siku moja hukosekana kwa nini? Kwa sababu wakala haonekani kwenye picha.

Na wewe kijana, usingoje kuokotwa. Nenda tawini kwako wiki hii, kabla hata uchaguzi haujanukia. Uliza nani atakaa kituo chenu, nani atamfundisha, na nani atampokea akichoka. Wasipokuwa na jibu, uliza tena wiki ijayo, mbele ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga nyota wako akiwa amekwisha kulala chini.