Kisanduku Kisihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Lori lililosheheni magunia ya kahawa linapoteremka kutoka Kamachumu jioni, mvua ikinyesha na ukungu ukitanda, maisha ya dereva, ya utingo na ya watembeao kwa miguu kandokando ya barabara hutegemea taa. Dereva akikanyaga breki, indiketa ya nyuma nayo huwaka hafifu. Akiwasha taa kubwa, mwanga wake ni wa manjano kama wa kibatari. Waipa husimama katikati ya kioo. Kesho yake lori hufikishwa gereji, Muleba au Bukoba mjini, na si nadra hukumu kutolewa hata kabla ya kabini kuinuliwa: "Kontroli boksi imekufa. Tafuta nyingine."

Hukumu hiyo huweza kuwa ya kweli. Lakini hukumu isiyotanguliwa na kipimo si ufundi, bali ni bahati nasibu inayochezwa kwa fedha za mwenye lori na kwa uhai wa wapita njia. Jambo hili lawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko wanavyodhani, kwa kuwa maarifa ya kutoa hukumu ya haki tayari yamo katika madaftari yao ya fizikia.

Yafaa kwanza kukifahamu kisanduku chenyewe. Katika malori ya zamani, kama yale ya Scania yaliyounganishwa katika kiwanda cha TAMCO huko Kibaha, kila swichi ilikuwa na waya wake uliopitia fyuzi na rilei hadi kwenye taa. Fundi mwenye subira aliufuata waya kwa macho na kwa balbu ya majaribio mpaka akauona ugonjwa. Mambo yalianza kubadilika pale kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipotangaza, mwaka 1986, mtandao wa mawasiliano ya vifaa vya gari uitwao CAN. Mwaka 1996 Mercedes-Benz ilitoa lori la Actros, ambalo vifaa vyake vingi vya elektroniki vilizungumza kwa njia ya mtandao wa namna hiyo. Malori ya kizazi hicho sasa ni makongwe, na mengi huingia Afrika ya Mashariki baada ya kutumika kwingineko kwa miaka mingi.

Katika malori hayo swichi haiwashi taa moja kwa moja. Hupeleka habari tu kwa kisanduku cha kudhibiti umeme wa bodi. Kisanduku hupokea habari za indiketa, waipa, milango na taa, hutafakari kwa programu iliyowekwa ndani yake, kisha huamuru transista au rilei kufungua mkondo. Kwa hiyo kinapopata umeme hafifu au habari potofu hutoa amri potofu, na mtazamaji hudhani kuwa kimepata wazimu. Kumbe mara nyingine kisanduku ni mzima, ila kinadanganywa na waya ulioliwa na kutu.

Mkoa wa Kagera ni mahali pa kutu. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya Ziwa Viktoria ina unyevu karibu majira yote. Maji hupenya katika viungo vya nyaya, na hasa mahali ambapo waya wa ethi, yaani waya unaourudisha mkondo kwenye fremu na betri, umefungwa kwa boliti chini ya gari. Kutu ikiingia hapo, ukinzani huongezeka.

Hesabu yake ni ya kidato. Taa ya wati 70 inayotumia volti 24 hupitisha mkondo wa ampea 2.9 hivi, na ukinzani wake ukiwa imewaka ni omu 8.2. Kutu ikiongeza omu 2 tu kwenye ethi, ukinzani wote huwa omu 10.2 na mkondo hupungua hadi ampea 2.35. Hapo taa hubakiwa na volti 19.3, na volti 4.7 hupotelea kwenye kutu. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu ukinzani wa uzi wa taa hubadilika pamoja na joto lake, lakini mwelekeo wake ni sahihi. Wati 70 zimekuwa 45, na dereva hamwoni tena mtoto aliye kando ya barabara.

Hali kadhalika indiketa inayowaka wakati wa breki. Pale ambapo taa za nyuma hutumia ethi moja, na ethi hiyo imeharibika, mkondo wa breki hukosa njia ya kurudi. Hupenya basi katika uzi wa taa ya jirani ukitafuta njia nyingine. Hakuna kisanduku kipya kitakachoponya ugonjwa huo, hata kikinunuliwa mara tatu.

Kipimo chake hakichukui hata nusu saa. Taa ikiwa imewaka, ncha moja ya kipima volti huwekwa kwenye hasi ya betri, na ncha ya pili kwenye ethi ya taa. Kipima kikisoma karibu na sifuri, njia ya kurudi ni safi. Kikisoma volti nne au tano, mkosaji amepatikana, na dawa yake ni msasa, boliti safi na grisi. Mtandao wa mawasiliano nao hupimika. Mitandao mingi ya CAN ina nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho una kikinzani cha omu 120. Vikinzani viwili vya omu 120 vilivyo sambamba huwa omu 60, kama mwanafunzi ye yote awezavyo kukokotoa. Umeme ukiwa umezimwa, kipima kikionyesha 60 hali ni njema. Kikionyesha 120, waya umekatika au kikinzani kimoja hakifikiki. Kikionyesha karibu na sifuri, pana shoti.

Wako watakaosema kwamba fundi hana muda wa masomo, kwamba lori lililosimama ni hasara, na kahawa inangoja kupelekwa sokoni. Hoja hiyo ina uzito, lakini huelekea upande wa kipimo. Kisanduku kisipopatikana Bukoba huenda kikaagizwa kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, na kikifika kisipotibu ugonjwa, siku zote zile zimepotea pamoja na fedha. Nusu saa ya kupima ni rahisi kuliko juma la kukisia.

Ni kweli pia kwamba kisanduku huweza kufa. Maji huingia ndani yake. Betri huunganishwa kinyume. Fremu huchomelewa bila nyaya za betri kufunguliwa, na mkondo wa kuchomelea ukapita mahali usipostahili. Katika lori la volti 24, lenye betri mbili za volti 12 zilizofuatana, kuchota umeme wa redio kwenye betri moja tu huzifanya betri hizo zisilingane, na moja hupokea chaji kupita kiasi. Vipimo vikithibitisha kifo, ubadilishaji ni halali. Lakini hata hapo kufunga boliti si mwisho wa kazi. Namba ya kisanduku kipya hapana budi ilingane na ya kile cha kwanza. Betri hutenganishwa kabla ya plagi kuchomolewa. Kisha, katika malori mengi, kisanduku hufundishwa kwa kompyuta ya uchunguzi: utambulisho wa gari, aina ya taa, na pengine funguo. Kisanduku kilichong'olewa katika lori jingine huja na kumbukumbu za lori lile, na huweza kukataa kazi ingawa hakina kasoro.

Hapa ndipo maarifa yanapofungiwa kabatini. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2009 kuhusu malori na mabasi, uliwalazimisha watengenezaji kuwapatia mafundi wa nje habari za matengenezo. Vyama vya ushirika na wenye malori wa Kagera nao wajifunze kudai michoro ya nyaya wakati wa kununua gari, kama wanavyodai gurudumu la akiba.

Mkoa huu una historia inayoonya. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za wafua chuma wa kale wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao tanuri zao zilifikia joto kubwa mno. Ili kuifahamu kazi hiyo, wazee wa Kihaya waliombwa wajenge tanuri upya, nao walilazimika kujaribu na kukumbuka, kwa kuwa uyeyushaji ulikuwa umeachwa kwa miongo mingi. Chuma cha dukani kilikuwa kimeingia, na vijana hawakuwa tena na sababu ya kuuliza tanuri hufanyaje kazi. Ufundi hufa vivyo hivyo katika gereji ambayo kila swali hujibiwa kwa spea mpya.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Shule ya sekondari ya Muleba au Bukoba yenye kipima umeme kimoja yaweza kukipeleka gereji ya jirani siku moja katika muhula. Mwanafunzi, ambaye husoma fizikia kwa Kiingereza, atagundua kwamba "ethi mbovu" ya fundi na ukinzani wa daftari lake ni kitu kimoja. Fundi naye atagundua kwamba kile alichokihisi kwa miaka ishirini kina kanuni na hesabu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikusudia shule isitengane na kazi za watu wanaoizunguka. Hakuna kazi iliyo karibu zaidi na shule za Kagera kuliko lori linalopita mlangoni likiwa na taa moja.

Kisanduku kipimwe kwanza. Kikionekana na hatia, kibadilishwe kwa utaratibu wake. Kisipoonekana na hatia, kiachwe mahali pake, na msasa ufanye kazi.