Msimtie Mgonjwa Hatiani

Iko itikadi iliyoenea miongoni mwetu, misikitini na makanisani, ya kwamba maradhi hayana nguvu juu ya mwenye imani kamili, na kwamba yule aliyeombewa asipone, basi kasoro ni yake mwenyewe. Itikadi hii husemwa kwa upole, na wasemao aghalabu ni watu wema waliokuja kumzuru mgonjwa na machungwa mkononi; lakini mimi naihesabu kuwa ni dhuluma, kwa sababu humtwika mtu aliyekwisha kulemewa na maumivu ya mwili shtaka asiloweza kulijibu.

Waishikao watuambie: Mtume Muhammad, aliyefariki Madina mwaka 632 baada ya siku za homa kali, alipungukiwa na imani gani? Na Ayubu, ambaye Waislamu na Wakristo humtaja kuwa kielelezo cha subira, alipoketi majivuni na majipu mwilini, rafiki zake wakamkalia kitako wakimtafutia dhambi, je, kitabu chake hakisemi kwamba waliokemewa na Mungu mwishoni walikuwa rafiki hao? Mfalme Hezekia naye aliomba, akalia, dua yake ikakubaliwa, akaongezewa miaka 15. Hata hivyo Nabii Isaya aliagiza tini ziletwe zikabandikwe juu ya jipu lake, wala hakuna aliyesema kwamba tini zile zilikuwa tusi kwa dua.

Tuyaache maandiko, tuitazame dunia. Kabla ya Januari 1922, insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza mwilini mwa mvulana mmoja huko Toronto, Kanada, mtoto aliyeshikwa na kisukari kile cha utotoni hakuwa na umri mrefu mbele yake, awe mwana wa kadhi au wa askofu. Na baada ya hapo watoto wa namna hiyo, kila dawa ilikowafikia, wakaanza kukua, kusoma na kuoa. Ikiwa siha hupimwa kwa kiasi cha imani tu, itatubidi tusadiki kwamba imani ya wazazi wa Kanada ilizidi ghafla mwaka ule.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo ya kwetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, matajiri kwa mafakiri, walipanga foleni ya magari isiyoonekana mwisho kwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Aliyekunywa akaendelea na dawa zake sina neno naye. Msiba uliwaangukia walioacha vidonge vya UKIMWI kwa kudhani kwamba kuvimeza baada ya kikombe ni kumtilia Mungu shaka. Kwa maana virusi ambavyo dawa huvizuia bila kuvimaliza, dawa ikikatwa huzaana upya, wala havina habari na nia njema ya aliyeiacha.

Sisemi kwamba dua haina kazi. Mtu anayengoja kupasuliwa asubuhi, akasomewa Yasini au zaburi akapata usingizi, amepata jambo ambalo tabibu hana la kumpa. Na nyumba iliyojaa waombaji humkumbusha mgonjwa kwamba hajatengwa na watu, neno ambalo katika maradhi marefu si dogo hata kidogo. Ninalolikataa ni kuifanya dua mizani ya kumpimia mja, afya ikirudi asifiwe, isiporudi ashukiwe.

Basi mhubiri atangazaye hadharani kwamba fulani amepona, ampeleke maabara kwanza, kama Yesu alivyomwagiza mkoma aliyetakaswa aende akajionyeshe kwa kuhani. Na yule amwambiaye mgonjwa atupe dawa, siku ya maziko asisimame mbele ya wafiwa kutaja kadari. Maana marehemu alipokuwa hai, aliambiwa na mtu huyo huyo kwamba kupona kumo mikononi mwake mwenyewe.