Wachezaji wa wavu Ujerumani wanahitaji mkataba wa mwaka mzima

Kila ifikapo Agosti, habari za mpira wa wavu wa wanawake nchini Ujerumani huja kwa sura ileile. Klabu inatambulisha sura mpya, kocha anaeleza matumaini yake, mechi ya kirafiki inachezwa na matokeo yanatajwa. Kisha, karibu na mwisho wa habari, msomaji anaambiwa kwamba mchezaji fulani ana maumivu ya goti na amepumzishwa kwa tahadhari. Hapo macho huruka haraka kwenda kwenye ratiba. Mimi naona sentensi hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote zilizoitangulia, kwa sababu inahusu mtu anayeumia kazini katika wiki ambazo kazi yake ina ulinzi mdogo kabisa. Bundesliga ya wanawake, ligi ya Stuttgart, Schwerin na Dresden, inapaswa kuweka sharti moja kwa kila klabu inayoomba leseni: mkataba wa mchezaji uanze tarehe 1 Julai na uishe tarehe 30 Juni, kama ilivyozoeleka katika soka.

Katika mpira wa wavu wa Ulaya ni kawaida mkataba kufuata msimu tu. Unaanza pale mazoezi yanapoanza, mara nyingi Agosti, na unakwisha mechi zinapokwisha, kati ya Aprili na Mei. Miezi inayobaki mchezaji ni wake mwenyewe. Anayetazama kwa mbali huiita likizo, lakini mwili wa mwanamichezo hauna likizo ya namna hiyo. Mchezaji anayetaka kufika Agosti akiwa na nguvu za kuruka lazima afanye mazoezi Juni na Julai, kwa gharama yake, bila daktari wa klabu na bila mwajiri. Na kwa wale walio timu ya taifa, miezi hiyo ni kazi tupu. Mwaka 2025 Ligi ya Mataifa ilianza tarehe 4 Juni, na Ujerumani ikafika robo fainali huko Łódź, Poland, mwishoni mwa Julai. Ubingwa wa Dunia ukaanza Thailand tarehe 22 Agosti, na Wajerumani wakatolewa na Italia katika hatua ya timu 16. Kutoka hapo hadi kuanza kwa ligi ya nyumbani ulibaki muda wa mwezi mmoja hivi, nao ndio uliopaswa kutosha kwa kupumzika, kuzoeana na wenzao wapya na kujifunza mfumo wa kocha.

Tuutazame mwezi huo wa Agosti kwa karibu, kwa mchezaji wa kawaida aliyehamia klabu mpya. Mkataba wake unaanza tarehe 1. Wiki za mwanzo ndizo nzito kuliko zote: kupimwa urefu wa kuruka, kunyanyua vyuma asubuhi, kuruka na kupiga mpira jioni, siku baada ya siku, kwa miguu iliyotoka katika mapumziko au katika mazoezi ya peke yake. Akitua juu ya mguu wa mwenzake chini ya wavu na kifundo kikateguka, hiyo ni ajali kazini, na shirika la bima ya ajali la VBG linabeba matibabu na kufidia mshahara. Hapo sheria ya Ujerumani ni nzuri na inastahili sifa. Lakini jeraha linalowatesa wachezaji wa wavu mara nyingi halina tukio moja la kuelekezea kidole. Ni kano iliyo chini ya pia ya goti, inayochoka polepole kwa kuruka na kutua maelfu ya mara. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta maumivu hayo kwa takriban asilimia 45 ya wanaume wa ngazi ya juu wa mpira wa wavu, kiwango kikubwa kuliko mchezo mwingine wowote uliopimwa. Wanawake hupata tatizo hili kwa kiasi kidogo kuliko wanaume, lakini ni lilelile, nalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa ajali. Linahesabiwa kuwa ugonjwa.

Na mwajiri wa Kijerumani hulazimika kumlipa mgonjwa mshahara wake kwa wiki sita, ila haki hiyo huanza baada ya ajira kudumu wiki nne bila kukatika. Kabla ya hapo mgonjwa hupata posho kutoka bima ya afya, ambayo haizidi asilimia 70 ya mshahara ghafi. Wiki nne za kwanza za mkataba wa mchezaji mpya ni wiki nne za kwanza za mazoezi, yaani wakati mzigo wa goti uko juu kabisa. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake ngumu kuliko zote iko mwanzoni mwa mkataba. Matokeo yake mchezaji ana sababu ya kifedha ya kunyamaza. Anafunga goti, anameza dawa ya maumivu, anasubiri Septemba, na jeraha ambalo lingetulia kwa siku kumi linakuwa la msimu mzima. Mkataba ukianza tarehe 1 Julai, wiki nne zinakwisha tarehe 28 Julai, kabla hata timu haijakutana. Tarehe moja tu kwenye karatasi ingeziba pengo hilo.

Upande wa pili wa msimu ni mbaya vilevile. Ili kupata posho ya ukosefu wa ajira Ujerumani, mtu lazima awe amechangia miezi 12 ndani ya miezi 30. Mchezaji aliye katika mkataba wake wa kwanza wa miezi tisa hatimizi sharti hilo anapoachwa Mei, na hata bima yake ya afya baada ya muda mfupi inakuwa juu yake au juu ya familia yake. Wala hawezi kutarajia mahakama imwokoe kutoka kwenye mikataba ya muda. Tarehe 16 Januari 2018, Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani, katika kesi ya kipa Heinz Müller dhidi ya Mainz 05, iliamua kwamba klabu ya Bundesliga ya soka inaweza kuajiri kwa muda maalumu kutokana na hali ya pekee ya kazi hiyo. Siupingi uamuzi huo, kwa kuwa mwili wa mchezaji hauahidi miaka ishirini. Lakini kama mchezo wenyewe ndio unaohalalisha mkataba wenye mwisho, basi angalau mkataba huo ufunike mwaka mzima ambao mchezo unaudai mwili.

Pingamizi kubwa ni pesa, na si la kupuuza. Rote Raben Vilsbiburg, klabu ya mji mdogo wa Bavaria, ilikuwa bingwa wa Ujerumani mwaka 2008 na 2010, na baadaye ikajiondoa ligi kuu kwa sababu za kiuchumi. Klabu nyingi za ligi hii ziko katika miji ya kadiri na huishi kwa wadhamini wa karibu, ambao majina yao hubandikwa kwenye jina la timu yenyewe. Mdhamini mmoja akiondoka, bajeti inatikisika. Lakini ninachopendekeza si nyongeza ya mshahara. Tuchukue mchezaji wa mfano anayelipwa euro 36,000 kwa msimu: kwa miezi tisa anapata 4,000 kwa mwezi, kwa miezi 12 anapata 3,000. Michango ya mwajiri hukatwa kwa asilimia, hivyo nayo kwa sehemu kubwa inabaki palepale. Kinachoongezeka ni wajibu wa klabu kuwa na mchezaji huyo Juni na Julai, kumpangia mazoezi na kumpeleka kwa daktari wake. Klabu isiyoweza kubeba hilo inaendeshwa kwa kusogeza hatari kwa mwenye uwezo mdogo wa kuibeba. Tena, leseni tayari hukagua hesabu za fedha. Kuongeza ukurasa mmoja kuhusu tarehe za mikataba hakuifilisi klabu yoyote.

Kuna mahali pamoja ambapo hesabu hii inagota, nami sitaficha. Mwanamichezo wa kulipwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na kuingia kwa njia ya kibali iliyotengwa kwa wanamichezo lazima alipwe angalau nusu ya kikomo cha mshahara unaotozwa michango ya pensheni. Mwaka 2025 nusu hiyo ilikuwa euro 4,025 ghafi kwa mwezi. Kwa mchezaji wa namna hiyo, kugawa mshahara kwa miezi 12 kunaweza kuushusha chini ya kima, na klabu italazimika kulipa zaidi. Jambo hili linatuhusu hata sisi. Malkia Strikers wa Kenya walipangwa kundi moja na Ujerumani katika Ubingwa wa Dunia huko Phuket, Thailand, mwaka 2025, na Mkenya anayetamani kucheza Stuttgart au Aachen atakutana na kima hichohicho. Inawezekana baadhi ya klabu zingesajili wageni wachache zaidi. Nakubali gharama hiyo, kwa sababu mchezaji anayeletwa kwa miezi minane na kurudishwa na goti bovu hajafanyiwa hisani yoyote.

Wengine watasema wachezaji wenyewe wanapenda uhuru wa kiangazi, hasa Wamarekani wanaorudi nyumbani. Mkataba wa mwaka haumzuii mtu kurudi kwao. Likizo huandikwa ndani yake. Na kuhusu Wamarekani, mazingira yamebadilika. Ligi ya Pro Volleyball Federation ilianza Marekani Januari 2024, na ligi ya LOVB ikafuata Januari 2025, zote zikicheza wakati Ulaya nayo inacheza. Msichana aliyemaliza chuo huko hana tena ulazima wa kuvuka bahari ili alipwe. Bundesliga haiwezi kushindana na Italia wala Uturuki kwa mishahara, lakini inaweza kushindana kwa usalama wa kazi. Stuttgart ilimsajili Krystal Rivers mwaka 2018, mchezaji aliyewahi kuugua saratani na kurejea uwanjani, naye akadumu misimu mingi. Akiwa kikosini, klabu ikapata ubingwa wake wa kwanza mwaka 2019, kisha mfululizo kuanzia 2022. Kikosi kinachobaki pamoja hushinda, na watu hubaki pale wanapojua watalala wapi Juni.

Swali la timu ya taifa ni jepesi zaidi. Klabu zitauliza kwa nini zilipe Juni wakati mchezaji anaitumikia nchi. Soka limeshalijibu: kwa Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, FIFA ilitenga dola milioni 11.3 kwa klabu zilizotoa wachezaji. Shirikisho la kimataifa la mpira wa wavu limepanua Ligi ya Mataifa hadi timu 18 na kuufanya Ubingwa wa Dunia uwe wa kila baada ya miaka miwili. Anayeongeza mechi achangie gharama za magoti yanayozicheza.

VBL, taasisi inayoendesha ligi hii na kutoa leseni, ina uwezo wa kuliandika sharti hili bila kusubiri bunge wala mahakama. Iliandike kabla ya leseni za msimu ujao, na kama klabu zinaogopa kuanza na wote kwa pamoja, zianze na wachezaji wanaohamia klabu mpya, maana hao ndio wanaoingia mazoezini Agosti bila haki ya mshahara wa ugonjwa.