Kisanduku cha Kutafuta Nacho Kijifunze Ngeli

Katika duka moja la steshenari hapa Sapiwi, wilayani Bariadi, mzee mkulima wa pamba aliketi mbele ya kompyuta ya mezani iliyowekwa Kiswahili. Alikuja kusoma barua ya kikundi chao, lakini herufi zilimshinda kwa udogo. Kijana wa dukani akamwambia, "Mzee wangu, andika unachotaka kwenye kile kisanduku cha kutafuta, kitakupeleka." Mzee akaandika taratibu: kuza maandishi. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna matokeo. Akapumua, akasema, "Basi, mwanangu, irudishe kwenye Kiingereza."

Tulipopekua baadaye, tuliuona mpangilio aliouhitaji. Ulikuwepo tangu mwanzo, umeitwa "ukuzaji wa matini".

Ndugu wapenzi wa lugha, kosa hapa si la mzee. Zamani mtu aliyetaka kubadili jambo kwenye kompyuta ilimbidi afungue orodha moja baada ya nyingine, kama mgeni anayebisha hodi kila nyumba. Kisanduku cha kutafuta kilikuja kumwondolea taabu hiyo. Kompyuta za Apple zilikipata mwaka 2005, na Windows Vista ikakiweka kwenye menyu yake ya kuanzia mwaka 2007. Ahadi yake ni nzuri: sema haja yako kwa maneno yako, nawe utafikishwa.

Lakini ukitafuta kwa kulinganisha herufi za mwanzo wa neno, unahudumia vyema lugha kama Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani pia. Kuza, kukuza, anakuza, ukuzaji: shina ni moja, vichwa ni vinne. Watunzi wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 walilijua hilo, wakaorodhesha vitenzi bila "ku-". Fundi wa programu naye alijue.

Pili, kuna visawe. Mmoja husema matini, mwingine maandishi. Mmoja nywila, mwingine neno la siri. Huyu skrini, yule kioo. Tatu, kuna matamshi. Sisi tuliolelewa kwa Kisukuma, lugha isiyo na sauti ya "r", ulimi huteleza na vidole huufuata. Anayeandika "langi" anatafuta rangi. Mwalimu anaweza kumsahihisha darasani. Mashine haina sababu ya kumfungia mlango.

Najua wapo watakaosema kwamba kukubali kila neno ni kuvuruga usanifishaji. Nauheshimu wasiwasi huo, na nashukuru kazi ya BAKITA. Hata hivyo, neno linaloandikwa juu ya mlango na neno analobishia mgeni ni mambo mawili. Bango lisomeke kwa Kiswahili sanifu; hodi ipokelewe kwa lafudhi yoyote. Mzee angebisha kwa "maandishi", akafunguliwa, kisha akajifunza "matini" akiwa ndani.

Kazi ya kutafsiri programu si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kilichobaki sasa si kuipa kila amri jina moja tu, bali kukusanya majina yote ambayo watu wangeliitumia kuitafutia. Nani anayafahamu kuliko washairi? Mizani ikizidi, malenga hutafuta neno fupi lenye maana ileile. Kina kikikataa, huenda kwa kisawe. Hazina hiyo tunayo vichwani, nayo haijaingia kwenye mashine.

Basi nawaomba: kila mmoja achague mipangilio kumi ya kompyuta, aandike chini ya kila mmoja maneno yote yanayosemwa kwao, ya mjini na ya shambani, kisha awapelekee wanaotafsiri programu. Kompyuta inayozungumza Kiswahili bila kukisikia imefanya nusu ya kazi, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyomrudisha mzee wetu kwenye Kiingereza asichokijua.