Kumwachisha mtoto chupa ya usiku: Baba naye ana zamu yake



Ndugu msomaji, wiki hii tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini limevuruga utulivu wa nyumba nyingi: mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ambaye hawezi kulala mpaka atiwe chupa ya maziwa mdomoni, na kila akishtuka usiku huidai tena. Tunalizungumzia tukiwa wenye kosa kabla ya kuwa wenye nasaha, kwa sababu lilikuwa nyumbani kwetu.

Mwanetu aliacha ziwa mapema mama yake alipougua, chupa ikachukua nafasi. Alipofika mwaka mmoja na mwezi mmoja alikuwa akiamka mara tatu kwa usiku, na kila mara mama yake aliinuka, akapasha maziwa, akarudi kuketi kitandani. Sisi tulikuwa tumelala. Udhuru wetu ulikuwa kwamba tuna dhamana ya msikiti, na Alfajiri lazima tuwepo. Asubuhi moja tuliporudi kutoka kwenye jamaa tukiwa na furaha ya ibada, tulimkuta mama wa mtoto ameegemea ukuta, amelala, chupa tupu mkononi, na jua limekwisha kuchomoza. Sala ilimpita. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba hakuisikia adhana. Tangu siku hiyo tuliona haya kujihesabia thawabu za safu ya mbele ilhali mwenzetu alikuwa akizilipia gharama.

Je, mtoto wa mwaka mmoja anahitaji maziwa usiku?

Kwanza tubainishe. Hatuzungumzii kumwachisha mtoto ziwa la mama. Qur'an, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na mama anayenyonyesha usiku hana lawama. Tunazungumzia chupa. Hata hivyo, aya hiyo hiyo ina funzo kwetu: kumwachisha mtoto kumeambatanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Ikiwa ziwa lenyewe lina mashauriano, chupa itakosaje?

Mtoto wa mwaka mmoja mwenye afya, anayeongezeka uzito na kula vizuri mchana, kwa kawaida hahitaji kulishwa usiku. Anachokitafuta ni mazoea. Amezoea kupitiwa na usingizi akinyonya chupa, basi akizinduka kidogo, kama tunavyozinduka sote, hajui njia nyingine ya kuurudia usingizi.

Mazoea hayo yana madhara. Mate hupungua tunapolala, hivyo sukari iliyomo katika maziwa hukaa kwenye meno kwa muda mrefu, na meno ya mbele ya juu ndiyo yanayoanza kuoza. Chupa yenye chai ya sukari au juisi ni mbaya zaidi. Kunywa akiwa amelala chali huweza pia kuchangia maradhi ya masikio. Tena mtoto aliyejaa maziwa ya ng'ombe usiku kucha hukataa chakula asubuhi, na maziwa hayo yana madini ya chuma kidogo mno, hivyo akiyategemea kupita kiasi huweza kupungukiwa damu. Takriban nusu lita kwa siku humtosha mtoto wa umri huo, pamoja na vyakula vingine.

Tulivyofanya

Tulianza kliniki. Muuguzi alimpima uzito, akatuambia hana tatizo. Mzazi ambaye mtoto wake ana uzito mdogo, alizaliwa kabla ya wakati au anaugua, asianze pasipo ushauri huo. Wala usianze mtoto akiwa na homa, au mkiwa safarini.

Pili, tulitengeneza mchana kabla ya kutengeneza usiku. Uji wa asubuhi ulitiwa karanga zilizosagwa laini. Mchana yalikuwapo maharage, samaki asiye na miba au maini yaliyopondwapondwa. Jioni alikula ashibe. Maziwa yakahamia kwenye kikombe, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa na chuchu yake. Usingizi wa mchana tuliubakisha, maana watoto nao wana kailula yao, ila tulihakikisha hauvuki Alasiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 za usingizi katika siku nzima kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, pamoja na ule wa mchana.

Tatu, tuliweka utaratibu usiobadilika. Mtume (SAW) ametufundisha kuwazuia watoto ndani giza linapoingia, kufunga milango kwa kulitaja jina la Allah na kuzima taa wakati wa kulala. Nasi tukafuata: baada ya Magharibi mtoto huoga, hunywa maziwa kwa kikombe akiwa ameketi, husuguliwa meno kwa mswaki laini na dawa ya meno isiyozidi punje ya mchele, husomewa dua, kisha hulazwa ndani ya chandarua akiwa bado macho kidogo. Televisheni huzimwa na simu huwekwa mbali.

Nne, tulipunguza kidogo kidogo. Chupa ya usiku ilikuwa na mililita 180. Kila baada ya siku mbili tuliondoa mililita 30, na usiku wa 11 hatukutengeneza chupa. Akiona kiu, alipewa maji kwa kikombe.

Tano, na hili ndilo zito, zamu ya usiku ikawa yetu. Mama alilala chumba cha pili. Usiku ule wa 11 mtoto alilia karibu nusu saa, nasi tukiwa kando yake, tukimpigapiga mgongo polepole na kumsomea kwa sauti ya chini. Usiku wa pili alilia kidogo. Usiku wa tatu alinung'unika, akageuka upande wa pili, akalala. Si kila mtoto atakwenda hivyo. Wengine huchukua wiki mbili au zaidi, na jino likiota au mafua yakiingia hurudi nyuma. Aliye mgonjwa ahudumiwe, kisha mwanze tena.

Kilio na wakwe

Wapo wanaoshauri mtoto afungiwe chumbani alie mpaka achoke. Sisi hatukuifuata njia hiyo. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikuwa akisikia kilio cha mtoto akiwa ndani ya sala, huifupisha kwa kuchelea mashaka ya mama yake. Kilio kinajibiwa, ila si lazima kijibiwe kwa chupa. Mkono na sauti ya mzazi vinatosha.

Wapo pia wanaompa mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili apate kulala. Huku ni kumhatarisha mtoto kwa ajili ya raha yetu, nako hakufai kabisa.

Bibi wa mtoto, alipokuja kututembelea, alituuliza kwa uchungu kwa nini tunamnyima mjukuu wake riziki. Hatukubishana naye. Tulimwonyesha sahani ya jioni, tukamwomba yeye ndiye amlishe kabla ya kulala. Alipomwona ameshiba, alinyamaza, na usiku alipolia, bibi ndiye aliyesema, "Mwacheni baba yake." Wakubwa wakishirikishwa mapema huwa nguzo, wakifichwa huleta chupa kwa siri.

Ndugu zetu wanaume, Bibi Aisha (RA) aliulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Huduma ilitangulia, na sala haikuchelewa. Nyumbani kwetu siku hizi adhana ya Alfajiri huwaamsha wawili.

Tunamuomba Allah (SW) awajaalie watoto wetu kuwa vituliza macho vyetu, na azijaze nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi Tawfiq.